Sheria ya Mbali, Demokrasia ya Jirani: Mkristo Aipime kwa Kipimo Gani?

Mara kwa mara tunasikia kwamba bunge la taifa fulani la mbali limepitisha sheria au azimio la kuunga mkono demokrasia katika nchi ya Afrika. Wapo wanaoshangilia kana kwamba ukombozi umefika, na wapo wanaokasirika wakiona ni kuingiliwa. Kabla ya kushangilia au kukasirika, yafaa tuulize swali moja: sheria hiyo inamlazimu nani, na kufanya nini?

Mfano wa Kongo

Tarehe 22 Desemba 2006, Rais George W. Bush wa Marekani alitia saini sheria ya misaada, usalama na kukuza demokrasia katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Muswada wake uliwasilishwa na Seneta Barack Obama. Wakati huo Wakongo walikuwa wamekwisha kupiga kura katika duru mbili, tarehe 30 Julai na 29 Oktoba, na Rais Joseph Kabila alikuwa ameapishwa tarehe 6 Desemba.

Kifungu kilichoonekana kuwa na meno ni cha 105. Kinamruhusu Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kuzuia baadhi ya misaada kwa serikali yoyote atakayoona inavuruga usalama wa Kongo. Kinamruhusu, hakimwamuru. Kati ya maneno hayo mawili, ahadi inaweza kulala usingizi miaka mingi.

Mwaka 2012 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliituhumu Rwanda kuwa inawasaidia waasi wa M23, tuhuma ambazo Rwanda ilizikanusha. Mwezi Julai Marekani, sasa ikiongozwa na Obama mwenyewe, ilitangaza kuzuia dola 200,000 za msaada wa kijeshi kwa Rwanda. Tarehe 20 Novemba mji wa Goma ulianguka mikononi mwa waasi.

Mwaka 2013 M23 walishindwa, baada ya wafadhili kadhaa kubana misaada na baada ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kupelekwa chini ya Umoja wa Mataifa. Tanzania imelipa gharama kubwa huko: tarehe 7 Desemba 2017, wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki. Na Januari 2025, Goma iliangukia tena mikononi mwa M23.

Waliobeba mzigo

Muhula wa Rais Kabila ulipokwisha bila uchaguzi, Maaskofu Katoliki wa Kongo ndio waliowaketisha wanasiasa mezani hadi makubaliano ya tarehe 31 Desemba 2016. Makubaliano yalipokiukwa, walei waliandamana, na baadhi yao wakapoteza maisha. Uchaguzi ulipofanyika Desemba 2018, Kanisa lilisambaza waangalizi wapatao 40,000, kisha Maaskofu wakasema wazi kwamba matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na takwimu zao.

Mafundisho ya Kanisa

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wa *Centesimus Annus* wa mwaka 1991, alieleza kwamba Kanisa linauthamini mfumo wa demokrasia, na kwamba demokrasia ya kweli husimama juu ya sheria na hadhi ya mwanadamu. Mshikamano unatudai tusimwache jirani. Kanuni ya auni nayo inatukumbusha kwamba wa mbali humsaidia mwenyeji kutenda. Hachukui nafasi yake. Mtakatifu Yakobo anamkemea anayemwaga mwenye njaa kwa maneno mema bila kumpa chakula.

Sisi wa Ruvuma tunalijua jambo hili. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, wakimbizi walipokelewa Muhukuru. Hapo mshikamano ulikuwa ardhi, chakula na hatari ya kuishi karibu na mpaka wa vita.

Tusiidharau sheria ya mbali: neno la haki likisemwa hadharani huweza kumtia moyo anayeonewa. Lakini tuipime kwa maswali matatu. Inaamuru au inaruhusu tu? Anayeitunga yuko tayari kupoteza nini? Wenyeji wenyewe wamesikilizwa?

Tuwaombee ndugu zetu wa Kongo, na tuikumbuke pia kazi iliyo mikononi mwetu: kutenda haki katika jumuiya zetu, kumpokea mgeni na kusema ukweli. Bikira Maria, Malkia wa Amani, atuombee.