Dishi Kubwa Halimalizi Foleni

Kuanzia Kibabii hadi Kitale swali ni lile lile: ikiwa setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa Aprili 15, 2023, mbona hatuyaoni mashamba yetu ya mahindi moja kwa moja, saa yoyote? Na muulizaji huja na dawa yake mkononi: serikali inunue dishi kubwa zaidi.

Dawa hiyo haitibu chochote. Dishi la DStv hapa Bungoma hutulia likitazama karibu utosini kwa sababu setilaiti yake iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, ikizunguka sawia na dunia. Setilaiti kama Taifa-1 iko kilomita mia kadhaa tu juu, nayo hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Ikichomoza, dakika kama 10 tu, imezama. Dishi likiwa pana hunasa mawimbi hafifu zaidi, lakini liwe la mita 3 au 30, halipokei kitu kilichofichwa na mgongo wa dunia. Hata hazina yote ya taifa haiwezi kununua njia ya kupitisha mawimbi ardhini. Kwa hiyo tuache kuomba dishi, tuulize zamu.

Malindi wanalijua hilo. Kituo cha Waitaliano kule hupokea data za Swift, darubini ya NASA iliyorushwa 2004, na za NuSTAR ya 2012, kila moja inapopita. Mlipuko wa miali ya gama ukitokea, Swift haingoji kufika Malindi. Hutuma tahadhari papo hapo kupitia TDRS, setilaiti za NASA za kupokezana mawasiliano zilizo juu kabisa. Ujumbe mfupi kama huo hupita pamoja na wa wengine. Data nzito huhitaji antena kubwa za kuelekezwa, na kila TDRS inazo mbili tu. Muda wake huombwa mapema, na chombo chenye binadamu hutangulizwa. Tangu Novemba 8, 2024, NASA haipokei misheni mpya kwenye TDRS.

Kwa wahandisi wetu, basi: hifadhini picha ndani ya setilaiti, kodisheni vituo, Malindi kwa mzingo wa ikweta, Svalbard kwa mzingo wa ncha hadi ncha, penye dharura nunueni muda wa setilaiti za kampuni binafsi, masafa yaombwe mapema kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Nanyi wabunge, bajeti ya setilaiti isiyotaja fedha za muda wa vituo, irudisheni.