Sitara na Gharama Yake: Vitabu vya Anne Tyler

Tulipokuwa chuoni, maalimu wetu alitufunza mambo mawili juu ya ulimi ambayo sijayasahau. La kwanza, kwamba mwenye kuisitiri aibu ya mwenzake naye Mola humsitiri. La pili, kwamba mwenye kuwapatanisha waliogombana hahesabiwi mwongo, hata akitia chumvi katika maneno yake. Nimeishi na mafunzo hayo miaka yote, wala sikudhani kwamba mwanamke wa Marekani, ambaye hakukalia jamvi letu wala kuandika ubaoni, angenifanya niyazingatie upya.

Mwanamke huyo ni Bibi Anne Tyler. Alizaliwa mwaka wa 1941 mjini Minneapolis, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1964. Tangu hapo ametoa zaidi ya 20, nyingi zikiwa na masikani yake katika mji mmoja tu wa bandari, Baltimore. Vitabu vyake ni vya mapenzi na ujamaa, lakini msomaji anayetaka vijana wanaotoroshana usiku na atafute kwengine. Mapenzi ya Bibi Tyler ni ya watu waliokwisha oana zamani, wenye watoto wakaidi na madeni ya nyumba, waliozoeana hata kukoroma. Yeye huanzia pale ambapo watungaji wengi, nasi washairi tukiwemo, huweka kalamu chini.

Chukua Dinner at the Homesick Restaurant, kitabu cha mwaka 1982. Usiku mmoja wa Jumapili mwaka wa 1944, Beck Tull, ambaye kazi yake ni kusafiri akiuza bidhaa za kampuni, anamwambia mkewe Pearl kwamba hataki tena kuwa mume wa mtu. Anafunga mzigo wake na kwenda zake. Pearl anabaki na watoto watatu, Cody, Ezra na Jenny, na hawaambii neno. Baba yuko safarini, basi. Miezi inapita, miaka inapita. Mama anafanya kazi ya keshia dukani, anaikarabati nyumba kwa mikono yake mwenyewe, na safari ile ya baba haina siku ya kurudi.

Nilipoanza kusoma nilimpongeza Pearl kimoyomoyo. Nikasema, hii ndiyo sitara! Mwanamke amemfunika mume aliyemkosea, hakumtangaza kwa majirani. Lakini kadiri nilivyofungua kurasa ndivyo pongezi zangu zilivyopungua. Yule aliyeweza kuwaficha watoto wake habari hakuweza kuwaficha hasira. Aliwatukana na kuwapiga. Nao watoto walikwisha tambua kwamba baba hayuko, na wakatambua pia kwamba haulizwi. Cody alikua akimhusudu Ezra, kipenzi cha mama, hata mwisho akampokonya mchumba. Ezra naye akawa na hoteli ya chakula, na kila akiwaita jamaa zake waketi pamoja, huzuka ugomvi, mmoja akainuka kabla ya mlo kwisha. Watu wale waliwezana katika mengi, ila kula wakamaliza.

La sitara ni hilo. La upatanishi limo katika Breathing Lessons, kitabu cha mwaka 1988 kilichompatia mwandishi tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Maggie na Ira Moran wameoana miaka 28, na siku moja wanasafiri kwa gari kwenda mazikoni. Maggie ana dukuduku: mwanawe Jesse ameachana na mkewe, Fiona, na yeye anataka warudiane. Basi anamwambia Fiona kwamba Jesse hulala na kisanduku chake cha sabuni chini ya mto, asiikose harufu ya mkewe. Fiona analainika, anakubali kuja nyumbani. Jioni ile ile ukweli unajitokeza, maneno yanatoka, na Fiona anaondoka.

Bibi Tyler hamtukani Maggie, wala hamvishi taji Ira, mtu wa kusema mambo yalivyo bila ya kupima. Usiku anawaacha pamoja chumbani, mume akicheza karata peke yake, mke akiwa ubavuni pake. Wako wahakiki wa huko kwao waliosema kwamba vitabu hivi vitamu kupita kiasi. Mimi utamu huo nimeuonja, na ndani yake nikaikuta shubiri.

Huenda mtu akasema mambo hayo ni ya Wazungu. Lakini Bibi Tyler aliolewa mwaka wa 1963 na Taghi Modarressi, Muajemi, daktari wa maradhi ya akili na mtunzi wa riwaya, wakaishi pamoja hadi alipofariki mwaka wa 1997. Katika Digging to America, cha mwaka 2006, yumo Maryam, mjane wa Kiajemi ambaye adabu zake ningezitambua gizani. Mgeni anakaribishwa vizuri, anakirimiwa, na moyo wa mwenyeji umetiwa komeo. Anaposwa na Mmarekani mmoja mjane mwenziwe, anakubali, kisha anajiuzulu. Na huko nako ni kujisitiri.

Je, maalimu wangu alikosea? La hasha. Sitara aliyotufunza ni pazia la mlangoni, ili majirani wasichungulie. Hakutufunza kutundika pazia katikati ya nyumba, baina ya mama na wanawe.

Pearl mwenyewe nadhani aliligundua hilo. Kabla ya kufa alimuusia Ezra awaalike mazikoni wote walioandikwa katika daftari lake la anwani, na jina la Beck lilikuwamo. Mzee akaja, akaketi mezani na wanawe, kisha akatoroka tena. Watoto wakatoka njiani kumtafuta. Cody, mwenye kinyongo kuliko wote, ndiye aliyemwona, na ndiye aliyemrudisha. Kitabu kinakwisha kabla hatujajua kama mlo ule ulimalizika.

Mwenye kusoma Kiingereza na aanze na hicho. Nami nazijua nyumba za kwetu zenye kiti kisichotajwa. Akitoka mmoja humo akakisoma, atanielewa.