Darizi la Binti: Ada Fupi, Bili Ndefu

Jiweke mahali pa mzazi wa Massachusetts au Pennsylvania mwaka 1805. Binti ana miaka minane, mfukoni mna ada ya robo mwaka, na masomo yanaanza wiki ijayo. Ulipie darizi gani?

Rahisi kuliko zote ni kitambaa cha herufi. Mama wa jirani hufundisha watoto nyumbani kwake. Mahitaji ni kipande cha kitani, sindano na uzi kidogo. Mtoto anashona alfabeti na tarakimu kwa mishono ya msalaba, kisha jina na umri wake. Usikidharau. Ndio ujuzi wa kutia alama mashuka ya nyumbani: herufi mbili za jina, chini yake 6, ukajua hili ni la sita na zamu yake imefika. Na kitani kinadumu. Kitambaa cha Loara Standish wa Plymouth, cha mnamo 1653, kingali kwenye makumbusho hadi leo.

Kinachokula pesa ni picha ya hariri. Shule kama ya Bi. Saunders na Bi. Beach kule Dorchester, Massachusetts, hutoa kazi za kupendeza, na kwenye shule za aina hii mtindo wa sasa ni mjane aliyeegemea kaburi. Lakini ada unayotajiwa mlangoni si bei. Darizi mara nyingi hutozwa kando. Hariri inatoka ng'ambo, na anayeilipia ni wewe. Nyuso na anga hazishonwi, zinachorwa kwa rangi, mara nyingi na mchoraji wa kulipwa (sasa hapo kazi ni ya nani?). Bado kioo na fremu iliyopakwa dhahabu. Na uzi wa kahawia au mweusi, ukiwa umetiwa rangi yenye chuma, huoza kabla ya mwingine.

Chaguo la tatu ni darizi ya kutengeneza nguo. Shule ya Westtown, iliyofunguliwa 1799 huko Pennsylvania, inafundisha kutililia: tundu linazibwa uzi kwa uzi hadi lisionekane. Soksi za nyumba nzima zitapona. Ila ni ya watoto wa Waquaker; kama si wa dhehebu hilo, okoa nauli.

Mwenye kidogo alipie herufi sasa. Hariri ina maana kama binti atakuja kufundisha, kwa sababu wazazi huchagua mwalimu kwa kutazama kazi zilizotundikwa ukutani.

Hata hivyo, kabla ya kumwandikisha, dai maandishi: hariri, mchoraji, kioo, fremu, nani analipa na lini. Wakisitasita, mpeleke kwa mama wa jirani.