Kamera inazimika usiku: usimshitaki sentineli mbele ya kupima waya

Katika miji yetu ya migodi, na hapa Kalemie kando ya ziwa, watu wengi sasa wanaweka kamera za ulinzi katika lupango. Mwenye duka anaweka, mwenye depo ya ndagala anaweka, hata makanisa. Ni jambo nzuri. Lakini kamera bila umeme ni sawa na taa za wale wasichana wa Mathayo 25: taa zilikuwa pale, mafuta njo yalikosa.

Juu ya nini tunaandika habari hii katika gazeti la jamaa? Ni kwa sababu kamera ikizimika, ugomvi unaingia nyumbani. Tuseme mama mmoja ana kamera nne. Mchana zote zinaonyesha vizuri. Lakini kila siku giza likiingia, ile ya mlango mkubwa inazimika, inawaka, inazimika tena. Asubuhi inapona yenyewe. Watu wanasema: "Ni sentineli anatosha waya, ili wezi waingie." Baba wa watoto anafukuzwa kazi, na kumbe hana kosa.

UMEME UNAPOTEA NJIANI

Kamera nyingi za nyumbani hazitumii volti 220 za SNEL. Zinatumia volti 12 zinazotoka kwenye transfo ndogo. Usiku kamera inawasha taa zake ndogo za kuona gizani, na hapo inavuta umeme mwingi zaidi, pengine mara mbili ya mchana.

Tufanye hesabu. Waya wa shaba mwembamba, wa milimita mraba 0,5 na urefu wa metre 30, kwenda na kurudi, unazuia umeme kwa om 2,1 hivi. Mchana kamera ikivuta ampere 0,5, inapotea volti 1 tu. Zinafika 11, na kamera inafanya kazi. Usiku ikivuta ampere 1, zinapotea volti 2. Zinafika chini ya 10. Kamera inachoka na kuzimika. Ikizimika haivuti tena, volti zinapanda, inawaka. Taa zake zikiwaka, inaanguka tena. Ule si mkono wa mtu, ni waya.

HATUA TANO ZA KUTAFUTA UGONJWA

1. Je, zimezimika zote au moja? Kama ni zote, angalia prizi, transfo na umeme wa nyumba. Kama ni moja, angalia waya wake na kamera yenyewe.

2. Leta kamera mbaya karibu na transfo, uifunge kwa waya mfupi. Ikikesha vizuri, kamera ni nzima. Waya njo mgonjwa.

3. Pima volti kwa multimetre pale kamera inapofungwa, usiku, kamera ikiwa inawaka. Ukipima waya mtupu, utaona 12 na utadanganyika.

4. Fungua viungo. Wakati wa mvua, maji yanaingia na shaba inageuka kijani. Kata sehemu mbaya, safisha, funga kwa nguvu, kisha weka skochi ya umeme. Usigeuze upande wa + na upande wa −.

5. Hesabu nguvu ya transfo. Kamera 4 za ampere 1 zinaomba ampere 4. Transfo ya ampere 2 haitoshi. Tafuta ya ampere 5, kwa volti zile zile 12.

Kama ni waya, weka wa milimita mraba 1,5. Kwa urefu ule ule, usiku utapoteza volti 0,7 tu. Vijana, kazi hii ya volti 12 mnaweza kujifunza. Lakini upande wa volti 220 unaua: muite fundi.

UMEME UKIKATIKA

Kwa miaka mingi Kalemie imepata umeme kutoka mtambo wa maji wa Bendera, kwenye mto Kyimbi, upande wa kaskazini. Njia ni ndefu, na umeme unaweza kurudi na nguvu ya ghafula. Basi kura ikikatika, tosha prizi. Ikirudi, ngoja dakika chache mbele ya kurudisha. Fanya vile hata mbele ya mvua ya radi, maana mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi zaidi.

Mwenye pano ya jua ahesabu hivi: kamera nne za wati 5 na mashini ya kurekodi ya wati 15 ni wati 35. Kwa saa 12 za usiku ni wati-saa 420. Batri ya gari au ya sola ya volti 12, ampere-saa 100, haifai kumalizwa zaidi ya nusu. Nusu yake ni wati-saa 600. Usiku unapita vizuri.

Ndugu wapendwa, tuliweka kamera ili tujue ukweli. Basi tusianze kwa kusema uongo juu ya jirani. Mbele ya kumuita sentineli na kumuuliza maneno makali, pima waya. Na kama mtu alikwisha kufukuzwa kwa bure, mwende kwake, mumuombe msamaha, mumrudishe kazini.