KICHWA KINACHOUMA GHAFULA: WAYA WA PLATINI NDANI YA UBONGO

Kuumwa kichwa ni jambo la kila siku kwetu. Jua, vumbi, kazi ya usiku, malaria: kila moja inaleta kichwa. Unakunywa kidonge, unalala, asubuhi inaisha. Lakini kuna kichwa kingine, inafaa wewe na jamaa yako mukijue. Kinaingia kwa ghafula kama mutu amekupiga nyundo, na mara moja kinafika mwisho wa ukali wake. Mugonjwa anatapika, shingo inakazana, macho yanakataa mwangaza, pengine anazimia.

Hapo nyumbani mabishano yanaanza. Mumoja anasema ni malaria, mwingine anasema amelogwa, wa tatu anauliza alikosana na nani kwenye kazi. Na saa inapita.

Fikiri mupira wa ndani wa kinga. Pahali ulipokuwa mwembamba, ukipompa, kivimbe kinatokea. Mishipa ya damu ya ubongo inaweza kufanya vile vile, zaidi pale inapogawanyika kama njia panda. Wanganga wanaita kivimbe kile anevrisimu. Karibu watu wazima 3 kwa 100 wako nacho, na wengi watazeeka bila kujua. Lakini kikipasuka, damu inamwagika kuzunguka ubongo. Hata kama tundu limejiziba lenyewe, linaweza kufunguka tena, zaidi katika saa 24 za kwanza, na mara ya pili ni hatari kupita ya kwanza.

Zamani dawa ilikuwa moja: kufungua fuvu. Mwaka 1937 munganga Walter Dandy, huko Baltimore katika Marekani, alibana shingo ya anevrisimu kwa kibanio kidogo cha fedha. Kazi ya namna hiyo ingali inafanyika na inaokoa watu. Lakini fuvu si mufuniko wa sufuria.

Mwaka 1990, Los Angeles, munganga Muitalia Guido Guglielmi na wenzake walipita njia ingine. Hapa sisi watu wa mugodi tutege masikio, kwani ni habari ya madini. Munganga anatoboa mushipa kwenye kinena, anaingiza murija mwembamba sana na kuusukuma polepole, akiutazama kwa mashini ya radio, mpaka upite kifua na shingo na kufika kwenye kivimbe. Ndani ya murija anapitisha waya wa platini. Platini ni laini, haishiki kutu, na kwenye radio inaonekana vizuri. Ukitoka tu, waya unajikunja wenyewe kama resori. Kisha munganga anapitisha umeme kidogo sana, kiungo kinayeyuka, waya unabaki pale. Fundi wa kusude anatumia umeme kwa kuunganisha. Huyu njo anautumia kwa kuachanisha! Anatia waya wa pili, wa tatu, mpaka kivimbe kijae. Damu inaganda katikati ya nyaya, na mulango unafungwa.

Je, ni bora kuliko kisu? Mwaka 2002 wanganga walitangaza matokeo ya wagonjwa 2143 ambao anevrisimu yao ilipasuka, na ambao njia zote mbili ziliwafaa. Kisha mwaka moja, waliokufa ao kubaki wakihitaji musaada wa wengine walikuwa karibu 24 kwa 100 upande wa waya, na karibu 31 kwa 100 upande wa kisu. Ona vizuri: hata kwa waya, karibu mumoja kwa wane hakupona sawasawa. Tena nyaya zinaweza kushikamana na kuacha nafasi, ndiyo sababu mugonjwa anarudi kupigwa picha. Na anevrisimu yenye shingo pana, pengine kisu kinaifaa zaidi.

Hospitali nyingi za kwetu hazina vyombo hivi. Lakini mambo mawili yanayosaidia kivimbe kukua na kupasuka yako karibu nasi: tansio ya juu na tumbako. Kupima tansio ni kazi ya dakika tano. Juu ya tumbako, baba, unajua mwenyewe.

Kama kichwa cha namna ile kimemushika mutu wa kwako, usimupe aspirini, kwani inazuia damu kuganda. Mupeleke hospitali saa ileile, hata usiku, na uulize pahali penye skanere. Mwambie munganga kilianza saa ngapi, na kama kilianza kwa ghafula ao polepole. Usimwambie tu "kichwa kinauma", maana wagonjwa wote kumi waliokaa kwenye banki wanasema vile.