Sikio la Mlinzi na Kemia ya Ubongo

Kila askari aliyepata kulinda kambi usiku anayajua mambo mawili. La kwanza ni kwamba jenereta ingurumayo karibu na lindo husikika sana mwanzoni mwa zamu, kisha mngurumo wake hufifia hata ikawa kana kwamba haupo. La pili ni kwamba jenereta hiyo ikizimika ghafula, mlinzi hugutuka mara moja, ingawa kilichotokea si sauti bali ni ukimya. Yatupasa basi kuuliza: mtu hugutushwaje na kukoma kwa sauti ambayo alikuwa haisikii tena?

Jibu ni kwamba sikio halikulala. Liliendelea kupeleka habari kila nukta. Ulioacha kuzijali ni ubongo, na ubongo hufanya hivyo kwa njia ya kemikali.

Ubongo wa binadamu una chembe za fahamu zipatazo bilioni 86. Baina ya chembe na chembe kwa kawaida pana upenyo mwembamba sana, na habari huvushwa hapo kwa kemikali, mfano wa tarishi avushaye barua mtoni. Kemikali ikiwa nyingi, habari hufika kwa nguvu. Ikipungua, hufika kwa unyonge.

Profesa Eric Kandel wa Marekani, mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2000, alilichunguza jambo hili kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia. Konokono huyo akiguswa kidogo, hukunja mashavu yake ya kupumulia. Akiguswa tena na tena pasipo kudhurika, hukunja kidogo zaidi kila mara, hata akazoea. Ilionekana kwamba chembe ipokeayo mguso hutoa kemikali pungufu kadiri inavyoguswa. Lakini akipigwa umeme mkiani, kemikali nyingine iitwayo serotonini humwagwa, nayo huiamuru chembe ileile itoe habari kwa wingi kuliko mwanzo. Hapo hata mguso mdogo humshtua. Mazoea na hofu, kwa hiyo, hupimwa katika mizani moja.

Kwa binadamu mambo yamekwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Evgeny Sokolov wa Moscow alieleza kwamba ubongo hujijengea mfano wa kila kinachorudiwarudiwa, kisha hulinganisha kila kipya na mfano huo. Vikilingana, hunyamaza, vikihitilafiana, hupiga mbiu.

Mwaka 1978 Risto Näätänen wa Finland pamoja na wenzake walieleza alama ya umeme ya mbiu hiyo. Mtu hubandikwa kichwani vidude vya kupimia umeme wa ubongo, akapewa kitabu asome, huku mlio mmoja ukirudiwa masikioni mwake. Mara mlio tofauti ukiingia katikati, ubongo hutoa wimbi dogo la umeme kabla ya robo ya sekunde kupita, ingawa msomaji hakuinua hata macho. Ndiyo kusema kwamba ndani ya kila askari yumo mlinzi mwingine, asiyengoja kuamriwa.

Mlinzi huyo wa ndani hutegemea sana kemikali iitwayo glutamati. Glutamati hupokelewa na vipokezi vya aina kadhaa, na aina mojawapo huitwa NMDA. Mwaka 1996 Daniel Javitt na wenzake walionyesha kwa nyani kwamba vipokezi vya NMDA vikizibwa, ubongo huendelea kuitikia sauti zenyewe, lakini ile alama ya kutambua tofauti hutoweka. Mwaka 2000 watafiti wengine waliwapa watu wenye afya ketamini, dawa izibayo vipokezi hivyo, na alama yao ikapungua. Ketamini si ngeni katika utabibu wa kijeshi: iliidhinishwa Marekani mwaka 1970, ikatumiwa kuwalaza majeruhi wa vita vya Vietnam kabla ya kupasuliwa.

Lakini iko dawa nyingine ambayo haitolewi na daktari, nayo ni pombe. Pombe pia huvidhoofisha vipokezi vya NMDA. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Finland walipima watu waliokunywa kiasi cha wastani tu, wakaona kwamba alama ile ya kutambua tofauti imepungua. Hapa ndipo penye hatari kwa wenye silaha. Askari aliyekunywa kabla ya zamu aweza kuapa kwamba anasikia vema, wala hasemi uongo. Kusikia anasikia, kilichofifia ni kengele ya kumwambia kwamba mlio huu si ule wa awali, kwamba vyura wa bondeni wamenyamaza, au kwamba hatua zile si za mwenzake.

Hata aliye mkavu naye ana kikomo. Mwaka 1948 Norman Mackworth wa Uingereza alitangaza matokeo ya majaribio yaliyotokana na kazi ya waendesha rada wa jeshi la anga, waliokuwa wakitafuta nyambizi. Watu waliutazama mshale wa saa kwa muda wa saa mbili, wakingoja uruke hatua mara chache. Baada ya nusu saa ya kwanza tu, walikuwa wameanza kukosa ishara nyingi zaidi. Kosa la namna hiyo si uvivu wala utovu wa nidhamu. Ni umbile la ubongo mbele ya jambo moja lisilobadilika. Wahenga walisema mazoea yana taabu.

Elimu hii imefika pia wodini. Majeruhi wa kichwa aliyepoteza fahamu aweza kuwekewa milio ileile masikioni. Ubongo wake ukionyesha kwamba umeitambua tofauti, madaktari huwa na tumaini kubwa zaidi kwamba ataamka. Anayeketi kando ya kitanda cha mwenzake na kumwita kwa jina asidhani kwamba anasema na ukuta.

Wako, hatimaye, wale ambao mizani imewaelemea upande wa pili: waliorudi vitani na sasa hawawezi kuzoea. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu katika orodha yao rasmi. Mwaka 1995 watafiti waliwasikilizisha maveterani wa Vietnam milio mikali iliyorudiwa. Wagonjwa, mioyo yao ilidunda zaidi, na ngozi zao zilichelewa kutulia kuliko za wenzao waliopigana vita ilevile lakini hawakuugua. Mlango ukibamizwa, mtu wa namna hii huruka. Wenzake wakicheka, humwongezea mzigo, kwani hakuchagua kushtuka, kama vile mlinzi hakuchagua kuizoea jenereta.

Mambo manne, basi, yanawapasa viongozi wa vikosi na vituo. Zamu za kutazama na kusikiliza zigawanywe ziwe fupi inapowezekana. Walinzi wafundishwe kwamba kazi yao si kungoja kelele tu, bali kutambua badiliko, na ukimya ni badiliko pia. Kileo kisimkaribie mwenye zamu, hata kwa kiasi kile kinachoitwa kidogo. Naye askari ashtukaye kwa kila mlio apelekwe kwa daktari mapema, kama apelekwavyo aliyevunjika mguu, wala asitajwe kuwa mwoga. Silaha hukaguliwa kila asubuhi. Ubongo unaoielekeza nao unastahili uangalizi huohuo.