Wakili mwanamke akinyamazishwa, ni nani anayepoteza?

Kila tunapomwalika wakili mwanamke studioni, simu kutoka Nachingwea na Ruangwa huwa nyingi. Wengi huuliza kuhusu shamba la mikorosho, mirathi au talaka. Lakini hazikosi meseji za namna nyingine: "Huyo dada ameolewa?" "Mbona anaongea kwa ukali?" Akija wakili mwanaume, meseji hizo hatuzipati. Leo tunaeleza kwa nini jambo hili linakuhusu hata kama hujawahi kukanyaga mahakamani.

Kazi ya wakili ni kusema

Wakili hulima kwa maneno. Anasema kwa niaba yako mbele ya hakimu, na mara nyingi inambidi apinge: ndugu wa marehemu, uongozi wa kijiji, hata serikali. Mwanaume akifanya hivyo huitwa jasiri. Mwanamke akisema maneno yale yale huambiwa hana adabu. Akiogopa kuitwa hivyo na kupunguza sauti, hoja inayopungua nguvu ni yako wewe uliyempa kesi.

Neno linaweza kugharimu kazi

Fatma Karume alichaguliwa kuwa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS) mwaka 2018. Septemba 2019, akiwa wakili katika kesi ya kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mahakama Kuu ilimsimamisha uwakili Tanzania Bara kutokana na maneno aliyoandika katika hoja zake. Septemba 2020 Kamati ya Mawakili ikamfuta kabisa. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilitengua uamuzi huo wa kamati.

Shauri lile lilihusu lugha ya wakili, si jinsia yake, na kila wakili ana wajibu wa kuiheshimu mahakama. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi maneno yanavyoweza kumsimamisha wakili kazi. Mwanamke hubeba hofu hiyo, halafu huongezewa mzigo wa kupimwa kwa mavazi, ndoa na sauti yake.

Tunapata nini akisema?

Mwanasheria Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au 14 kwa kibali cha mahakama. Alishinda mwaka 2016. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Binti wa Mbekenyera au Naipanga aliyeko darasani leo anahusika moja kwa moja na hoja ile ya mwanamke mmoja.

Sheria inasemaje?

Ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Wajumbe hao hawakuwekwa pale kujaza viti. Wana haki ya kuuliza, kupinga na kusikilizwa kama wenzao.

Kama una shauri na huna uwezo wa kulipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inakuhusu. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii, akuelekeze wanakotoa msaada huo bure.

Na tukimwalika tena wakili mwanamke, piga simu. Muulize kuhusu shamba lako. Akikujibu jambo usilolipenda, mpinge kwa hoja, kama ambavyo ungempinga mwanaume.